Printa Moja, Watu Wengi: Nani Atangulie?

Na Mwalimu wa Hesabu

Shule ni nyumba ya mistari. Asubuhi watoto hujipanga mstarini, saa nne hupanga mstari wa uji, na jioni wenye ndoo hupanga mstari wa maji. Katika kila mstari huo yupo mwalimu wa zamu au kiranja, na kila aliyesimama nyuma ajua kwa nini yuko nyuma. Lakini uko mstari mmoja hapa shuleni ambao hatuuoni kwa macho. Hauna kiranja, na ni wachache waliopata kuuliza umepangwa na nani. Huo ni mstari wa kazi zinazongoja kuchapwa na printa. Mafundi huuita foleni, nami nitauita hivyo hivyo.

Msomaji mpenzi, usiseme upesi kwamba hili ni jambo la karani na fundi wa kompyuta peke yao. Katika foleni hiyo hupita mtihani wako wa muhula, ripoti ya maendeleo atakayoisoma baba yako, barua ya ruhusa ya mwenzio aliyeugua, na karatasi iliyonunuliwa kwa fedha za umma. Kitu kinachoshika mambo mazito kama haya chafaa kutazamwa na sisi sote. Maoni yangu ni haya: utaratibu wa foleni za printa uamuliwe kwanza na watu wa shule katika kikao, uandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, ndipo fundi aambiwe auweke katika mashine. Hivi leo katika shule nyingi mambo huenda kinyume. Fundi huweka apendavyo, au huacha mashine kama ilivyotoka dukani, kisha shule nzima hufuata.

Kwanza tufahamu foleni ni nini. Mwalimu anapobonyeza kitufe cha kuchapa, kazi yake haiendi moja kwa moja kwenye karatasi. Huandikwa kwanza katika diski ya kompyuta, ikakaa hapo kama mgonjwa akaavyo katika baraza ya zahanati akingoja jina lake liitwe. Iko programu inayolinda mlango. Programu hiyo ina maagizo yake: kazi hii ichapwe na printa gani, kwenye karatasi ya ukubwa gani, upande mmoja au pande mbili, nani ameruhusiwa kuileta, na ipi itangulie. Maagizo hayo yote pamoja, yakipewa jina moja, ndiyo foleni.

Tena, foleni na printa si kitu kimoja. Printa ni lile sanduku linalotoa karatasi. Printa moja yaweza kuwa na foleni tatu au nne zinazoingia kwake, kila moja na sheria zake. Kadhalika foleni moja yaweza kuongoza kwenye printa mbili, na kazi ikachukuliwa na ile iliyo wazi. Asiyejua jambo hili hudhani shule yenye printa moja haina la kupanga. Kumbe hapo ndipo penye haja kubwa zaidi ya kupanga.

Yafaa hapa kutaja programu moja kwa jina, maana ni ya bure na yeyote aweza kujifunza kwayo. Yaitwa CUPS. Ilianzwa na Michael Sweet huko Marekani mwaka 1997, na ikatolewa kwa watu mwaka 1999. Mwaka 2002 kampuni ya Apple iliitia katika kompyuta zake, na mwaka 2007 ikainunua. Hutumika pia katika kompyuta za Linux. Wale wenye kompyuta za Windows wana programu yao ya foleni iliyomo humo humo ndani. Zote mbili zafanya kazi ninayoieleza, ijapokuwa majina ya vitufe hutofautiana.

Sasa nieleze kwa nini nasema jambo hili ni la haki.

Foleni isiyopewa agizo lolote hufuata desturi moja tu: aliyetangulia kufika atangulie kutoka. Kwa watu wa dukani desturi hiyo ni njema. Lakini tufanye hesabu kidogo. Tuseme Kidato cha Pili kina wanafunzi 150, masomo yao ni 9, na kila mtihani una kurasa 4. Hizo ni kurasa 5,400. Printa itoayo kurasa 30 kwa dakika yahitaji dakika 180, yaani saa tatu kamili, bila kuhesabu muda wa kujaza karatasi na kuiacha mashine ipumue. Mwalimu wa taaluma akituma kazi yote saa mbili asubuhi, na saa mbili na robo karani akatuma fomu ya uhamisho ya mwanafunzi ambaye mzazi wake amesafiri tangu alfajiri kuifuata, fomu hiyo ya ukurasa mmoja itangoja hadi saa tano. Mzazi atakaa kwenye benchi saa hizo zote. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Mashine imefanya kama ilivyoachwa.

Dawa ya hilo ipo, nayo haigharimu hata senti. Katika CUPS kila kazi hupewa namba ya umuhimu, kuanzia 1 hadi 100. Usiposema kitu, hupewa 50. Kazi yenye namba kubwa hutangulia mbele ya zile zinazongoja. Katika Windows namba hupewa foleni yenyewe, kuanzia 1 hadi 99. Hivyo twaweza kufanya foleni mbili zinazoingia katika printa ile ile, moja ya ofisi yenye namba kubwa na moja ya madarasa yenye namba ndogo, na barua ya karani haitakaa nyuma ya lundo.

Lakini angalia jambo moja ambalo wengi hulisahau. Namba kubwa humpitisha mtu mbele ya wanaongoja, wala haimtoi aliyekwisha kuingia. Kazi iliyoanza kuchapwa huachwa imalize. Basi mwenye kazi kubwa aikate vipande. Mtihani mmoja kwa wanafunzi 150 ni kurasa 600, nazo huchukua dakika 20. Akiutuma kwa mikondo mitatu ya wanafunzi 50, kila kipande ni kurasa 200, na dakika saba hazitimii. Hapo fomu ya uhamisho itangoja dakika chache tu, na mtihani nao hautachelewa kwa chochote cha maana. Huu ndio ungwana wa foleni: mwenye mzigo mkubwa ajue kuupunguza ili wengine wapite. Mashine haiwezi kutufundisha ungwana huo, ila yaweza kuushika tukiisha kuuamua.

Tena kuna swali ambalo fundi hawezi kulijibu. Je, ripoti za wazazi zitangulie mbele ya maswali ya mazoezi ya Kidato cha Nne? Je, barua ya Mkuu wa Shule itangulie siku zote, hata kama ni tangazo la kikao cha wiki ijayo? Je, kazi ya klabu ya wanafunzi iwe ya mwisho daima, hata gazeti hili? Hayo ni maswali ya watu wenye akili na dhamiri, na yafaa yajibiwe mezani, mbele ya wote. Fundi akiachiwa kuyajibu peke yake ataweka namba kubwa kwa yule amwogopaye au amsalimuye kila siku. Simlaumu, maana hana agizo lingine.

Jambo la pili ni siri ya mitihani.

Mitihani ya taifa hutufikia imekwisha kuchapwa na kufungwa. Lakini mitihani ya muhula na ya majaribio shule nyingi huchapa zenyewe, na kwa ajili hiyo printa imekuwa mlango ambao siri yaweza kutokea. Nitataja matundu matatu.

Tundu la kwanza ni trei ya karatasi. Mwalimu hutuma mtihani akiwa chumba cha walimu, na printa iko ofisini ambako watu huingia na kutoka. Kabla hajafika, kurasa zimekwisha kulala wazi. Dawa ni kuishikilia foleni ya mitihani. Programu hizi zaweza kuagizwa zipokee kazi na kuishika, isitoke hata herufi moja mpaka mtu aliyekabidhiwa asimame karibu ya printa na kuiachilia. Printa nyingine zina vitufe vya namba, na mwalimu huingiza namba yake ya siri pale pale ndipo kazi itoke. Kama printa yetu haina vitufe hivyo, foleni inayoshikiliwa yatosha.

Tundu la pili ni nakala inayobaki. Watu hudhani kazi ikitoka kwenye karatasi imeondoka katika mashine. Sivyo daima. CUPS, ikiachwa kama ilivyo, hutunza faili ya kazi iliyochapwa kwa sekunde 86,400, yaani siku nzima, ili iweze kuchapwa tena ikihitajika. Windows nayo ina kisanduku cha kuagiza hati zilizochapwa zihifadhiwe, na mtu akikitia alama, hukaa. Kwa barua za kawaida jambo hili ni la manufaa. Kwa mtihani ni hatari, maana mwenye ruhusa ya kuiongoza kompyuta hiyo aweza kuuchapa tena usiku. Basi agizo liandikwe: kazi za mitihani zisihifadhiwe baada ya kuchapwa.

Tundu la tatu laletwa na kukatika kwa umeme, na hapa kwetu kila mtu alijua vema. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kazi haifi. Imo katika diski. Umeme ukirudi na kompyuta ikiwaka, foleni huendelea, na kilichobaki huchapwa. Kama umeme utarudi usiku na mashine zikawashwa alfajiri na mfagiaji au mwanafunzi wa zamu, mtihani utatoka mbele yake bila mwalimu yeyote kuwapo. Kwa hiyo umeme ukikatika, mwenye foleni ya mitihani asiondoke akidhani kazi imekwisha. Akirudi, kazi yake ya kwanza ni kutazama foleni na kufuta kilichobaki au kukishikilia.

Nasema haya mbele ya wanafunzi bila hofu. Siri inayolindwa kwa ujinga wa watu haidumu. Wako watoto katika shule zetu wanaojua kompyuta kuliko walimu wao. Heri tuwafundishe wote kwamba mlango una kufuli, kuliko kuuacha wazi na kutumaini kwamba hakuna atakayesukuma. Na mwanafunzi mwaminifu, aliyekesha akisoma, ndiye anayeumia kwanza mtihani unapovuja. Maksi zake halali huonekana sawa na za mwizi.

Jambo la tatu ni mali.

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Katika stoo zetu chaki huandikwa, majembe huandikwa, hata mifagio huandikwa. Karatasi nazo huandikwa zinapoingia stoo, lakini zikiisha kuwekwa katika printa hakuna ajuaye zimekwenda wapi. Programu ya foleni yaweza kuandika daftari: nani alichapa, lini, katika foleni ipi, na kurasa ngapi. Lakini katika matoleo ya siku hizi ya CUPS daftari hilo la kurasa haliandikwi mpaka mtu aagize liandikwe. Hapa tena twaona bei ya kuacha mashine kama ilivyotoka dukani.

Turudi kwenye mitihani yetu ya Kidato cha Pili. Kurasa 5,400 kwa upande mmoja ni karatasi 5,400, nazo ni karibu rimu 11. Kwa pande mbili ni karatasi 2,700, nazo hazifiki rimu 6. Tofauti ni rimu 5 kwa mtihani mmoja wa kidato kimoja. Agizo la kuchapa pande mbili huwekwa mara moja tu katika foleni, kama printa yaweza, na tangu hapo hakuna haja ya kumkumbusha mtu. Kadhalika CUPS yaweza kumwekea kila mtumiaji kikomo cha kurasa kwa muda fulani, tuseme kurasa mia kwa juma. Sipendi kikomo kiwekwe kwa kisirisiri ili kumkomoa mtu. Kitangazwe, na mwenye haja ya zaidi aombe na kupewa.

Uko upotevu mwingine ambao huchekesha na kukasirisha kwa pamoja. Dunia yetu hutumia karatasi ya A4, yenye milimita 210 kwa 297. Marekani na Kanada hutumia karatasi iitwayo Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Programu nyingi za kuandikia zimetengenezwa Marekani, na hati nyingine huja na ukubwa wa huko. Printa huipokea hati, huona kwamba karatasi iliyoagizwa haimo katika trei, ikasimama na kuwasha taa yake. Hapo mwalimu hudhani haikusikia, akabonyeza tena. Mwingine naye hubonyeza mara tatu. Baada ya nusu saa fundi huja, hugusa kitufe kimoja, na nakala tisa za hati moja hutoka kwa mkupuo. Foleni iliyowekwa vema huambiwa tangu mwanzo kwamba hapa karatasi ni A4. Windows ina agizo jingine la kufaa: hati isiyolingana na printa ishikiliwe kando, na nyingine zilizo sawa zipite. Hapo kosa la mmoja halizuii kazi za kumi.

Vile vile yafaa tuamue foleni ifanye nini printa inapokwama. CUPS hutupa njia nne: kuitupa kazi iliyokwama na kuendelea na nyingine, kuiweka kando na kuijaribu tena baadaye, kuijaribu hiyo hiyo palepale, au kuisimamisha foleni mpaka mtu aje. Kwa foleni ya mitihani naona isimame, ili pasikosekane nakala moja katikati ya lundo na mtoto mmoja akakaa bila karatasi siku ya mtihani. Kwa foleni ya wanafunzi kazi iliyokwama na itupwe, wenzake wapite, naye aje aitume upya. Kwa foleni ya ofisi na ijaribiwe tena. Waona, msomaji, kwamba hakuna jibu moja lifaalo foleni zote, na ndiyo sababu foleni huwa nyingi.

Sasa niseme machache juu ya mambo yanayojiendesha yenyewe, maana ndiko tunakokwenda. Siku hizi ziko programu zinazolinda folda fulani katika kompyuta mchana na usiku. Faili likiwekwa ndani ya folda hiyo, programu huliona, hulituma katika foleni iliyopangwa, nalo huchapwa bila mtu kubonyeza kitu. Shule yaweza kuwa na folda ya ripoti, na ripoti za wanafunzi wote zikichapwa moja baada ya moja wakati karani anafanya kazi nyingine. Ni msaada mkubwa sana.

Lakini mtumishi asiyechoka wala kuuliza hutaka maagizo yaliyo makini kuliko mtumishi mwingine yeyote. Nitaje manne. Kwanza, kila folda iongoze kwenye foleni moja tu yenye kazi moja, nayo ipewe jina la kazi, kama RIPOTI au MITIHANI, wala lisiwe jina la printa. Printa hufa na kubadilishwa, lakini kazi hubaki. Foleni yenye jina la kazi yaweza kuelekezwa kwenye printa mpya bila kugusa kompyuta za walimu. Pili, faili likiisha kuchapwa lihamishwe katika folda ya zilizokwisha, na likishindikana lihamishwe katika folda ya zenye kasoro. Likiachwa mahali pake, laweza kuchapwa mara ya pili. Tatu, faili kubwa linakiliwe kwanza kwa jina la muda, kisha libadilishwe jina likiisha kamilika. Vinginevyo programu yaweza kulidaka likiwa nusu na kuchapa nusu. Nne, folda ya mitihani isiongoze kwenye printa moja kwa moja hata siku moja. Iongoze kwenye foleni inayoshikiliwa, ili mkono wa mtu uwe wa mwisho.

Najua wako watakaonipinga, nami nimewasikia. Wa kwanza husema, "Sisi ni walimu wachache, printa ni moja, tusemezane tu." Kusemezana ni kwema, na penye kusemezana ugomvi hupungua. Lakini kusemezana kwahitaji watu wawe pamoja, na foleni hupokea kazi wakati mmoja yuko darasani, wa pili yuko uwanjani, na wa tatu yuko nyumbani kwake. Tena walio wanyonge hawasemi. Mwalimu mgeni wa mazoezi hatamwambia mwalimu wa taaluma apunguze lundo lake. Sheria iliyoandikwa husema kwa niaba yake.

Wa pili husema, "Mambo haya ni magumu, tumwachie anayejua." Namjibu kwamba kujua kubonyeza na kujua kuamua ni mambo mawili. Dereva ajua gari, lakini abiria ndio wasemao waendako. Fundi atuambie lipi lawezekana na lipi haliwezekani. Sisi tumwambie lipi tunalolitaka. Na neno la siri la kuongoza foleni lisikae kwa mtu mmoja. Likae kwa wawili, na siku wakibadilisha sheria waandike katika daftari wamebadilisha nini na kwa amri ya nani. Mwenye neno hilo aweza kuipandisha kazi ya rafiki na kuishusha ya hasimu, wala asionekane. Mamlaka ya namna hiyo hayafai kuwa ya mtu mmoja chumbani.

Basi naleta shauri langu. Kabla ya mitihani ya muhula ujao, walimu wakutane kwa saa moja tu. Waandike katika karatasi moja mambo haya: foleni zetu ni ngapi na majina yake, kila moja ni ya kazi gani na nani ameruhusiwa, ipi hutangulia mbele ya ipi, ipi hushikiliwa na nani huiachilia, printa ikikwama kila foleni ifanye nini, kurasa zihesabiwe vipi na hesabu isomwe lini. Karatasi hiyo ibandikwe katika ubao wa matangazo karibu ya ratiba ya masomo. Isipokuwa neno la siri, humo hamna jambo la kufichwa. Ndipo fundi aitwe, akae mbele ya kompyuta na karatasi hiyo mkononi, aweke agizo moja baada ya jingine, na mwalimu mmoja asimame naye akihakikisha. Mwisho wa muhula hesabu ya kurasa isomwe katika kikao cha wazazi kama isomwavyo hesabu ya chakula.

Nanyi wanafunzi msikae pembeni. Wale wa masomo ya kompyuta waombe waruhusiwe kuanzisha foleni ya majaribio, mbali na ile ya mitihani. Haihitaji hata printa ya pili, kwani foleni yaweza kusimamishwa na kazi zake kutazamwa zikiwa zimepangana. Mtume kazi tano zenye namba tofauti za umuhimu, kisha mwone ipi imepanda na ipi imeshuka. Mwandike sheria, mzibadilishe, mgombane kidogo juu yake, mpatane. Mtakuwa mmejifunza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni ufundi ambao ofisi, hospitali na mabenki huuhitaji kila siku. La pili ni kuzuri zaidi: kwamba kila mashine inayopanga watu imeagizwa na mtu, na mtu huyo aweza kuulizwa.

Ndugu wazazi, nanyi ulizeni. Mkija shuleni msiulize tu kama tuna kompyuta na printa. Ulizeni nani ameamua utaratibu wake, na karatasi ya utaratibu huo imebandikwa wapi. Shule ikiwaonyesha, furahini nayo. Isipoweza kuwaonyesha, isaidieni ipange. Mstari wa uji tumeujua kuupanga tangu zamani, na hakuna mtoto anayelala njaa kwa kuwa mwenzake ana nguvu zaidi. Mstari huu mpya nao tuupange kwa haki ile ile.